Gunia la Kilo Tisini na Tatu

Kabla ya Viola sikuwa nimewahi kumpima binadamu. Kazi yangu ilikuwa kupima viazi. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, upande wa viwandani pale Thika, na kilitengeneza krispi za pakiti, zile ambazo watoto hununua wakitoka shuleni. Malori yalileta viazi kutoka Kinangop, wapakuzi wakapandisha magunia kwenye mizani yangu, nami nikasoma uzito na kuuandika kwa chaki kwenye ubao uliokuwa ukutani. Ni kazi inayomfaa mtu asiye na maneno mengi. Gunia halikuulizi watu wa nyumbani wameamkaje.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, saa saba kasoro, wenzake wakibadilisha nguo waende zao, Viola alikuja akasimama kwenye mlango wa stoo. Alitazama nyuma mara mbili. Kisha akaniambia nimpime.

Nilidhani ni mzaha, kwa sababu alikuwa mtu wa mizaha. Kicheko chake ulikisikia ukiwa bado nje ya geti. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa upande wa Bungoma, aliyekuja huku akimfuata mumewe, Barasa, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Walikaa Ruiru, vyumba viwili vya kupanga karibu na reli, na watoto wanne. Mkubwa wao aliitwa Khisa, na kiwandani sote tulimwita Mama Khisa. Alikuwa na miaka tisa kazini, akibeba trei za viazi vilivyokatwa kuvipeleka kwenye mafuta.

Siku hiyo hakucheka. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ana ngiri ya kitovu, tangu alipomzaa kitinda mimba, na sasa ilikuwa imekua kama ngumi ya mtoto. Hospitalini walimwambia lazima ishonwe. Lakini daktari wa upasuaji alikuja mara moja tu kila miezi mitatu, na alisema hawezi kumgusa akiwa na kilo mia moja na nne, kwa sababu nyuzi hazitashika kwenye tumbo lenye mafuta mengi hivyo. Alimpa muda. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja apimwe awe chini ya tisini, na wiki inayofuata atashonwa. Akikosa, angoje mwaka ujao. Na asibebe mizigo, maana utumbo unaweza kunaswa kwenye lile tundu la ngiri, na ukinaswa hakuna kungoja tena.

Maneno hayo ya utumbo kunaswa aliyarudia mara mbili, mkono ukiwa juu ya tumbo.

Nikamuuliza kwa nini asipimwe hospitali. Akasema mizani yao iko koridoni, na watu walio kwenye foleni husoma kabla ya nesi. Ile ya duka la dawa kule Ruiru ilikuwa inasema uzito tofauti kila ukishuka na kupanda tena.

"Na wewe huongei," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Alivua gamboti na koti la kazi, akapanda. Niliandika mia moja na nne kwenye pembe ya chini ya ubao, bila jina. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi, saa ile ile.

Alikuwa na bidii ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Aliacha chapati, akaacha mafuta, akapunguza ugali hadi donge la kutosha kiganja. Jioni alikula kabichi ya kuchemsha na kutembea kwa miguu kutoka kituo cha treni hadi nyumbani. Nambari kwenye pembe ya ubao zikashuka polepole: mia moja, tisini na nane, tisini na sita. Mwisho wa mwezi wa nane alikuwa tisini na tatu.

Hapo akina mama wa chumba cha kupaki wakaanza kumtazama kwa huruma. Miaka ile ya ukimwi mtu akikonda watu walishusha sauti. Mmoja alimshika mkono chooni na kumwambia kwamba wanamwombea. Ni Apiyo, rafiki yake waliyekuwa wakipaki pamoja zamani, aliyewanyamazisha wote mbele ya mashine. Alisema Mama Khisa anapunguza mwili kwa amri ya daktari, na kama kuna mwingine anayetaka kuombewa aanze na ulimi wake.

Mwanzo wa mwezi wa tisa Erastus, msimamizi wetu, kijana aliyetembea na kalamu tatu mfukoni, aligundua habari ya ile ngiri. Ni haki niseme alifanya vizuri. Alimwondoa kwenye trei siku hiyo hiyo akamweka kuwa muonjaji. Kila nusu saa vilichanganywa viungo vipya, chumvi na pilipili na siki ya unga, na kabla havijamwagwa kwenye krispi, Viola alitia kidole kwenye unga ule, akauweka ulimini, akala na krispi moja au mbili, kisha akasema kama ni sawa au bado. Ulimi wake haukukosea. Erastus alisema tungeweza kuuza ile mashine ya kupimia chumvi.

Kazi nyepesi, ya kukaa kwenye kiti. Sote tulimfurahia.

Lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo mizani ilisema tisini na tatu. Ya pili, tisini na tatu. Ya tatu, tisini na tatu na nusu. Alishuka, akapanda tena, akaniomba nisogeze lile jiwe la mizani vizuri. Nikasogeza. Ilikuwa vile vile. Aliacha ugali kabisa. Aliacha chai ya maziwa. Kabichi yenyewe ilikuwa imemchosha kooni, kwa hiyo aliitilia unga wa mchuzi wa pakiti ipate ladha, na hakula kingine. Jumamosi iliyofuata, tisini na nne.

Nadhani wiki zile ndizo zilizomuumiza zaidi. Wale wale waliomwombea sasa walisema lazima anakula kwa siri. Hata Barasa, alinieleza, alianza kuangalia sufuria kabla ya kulala, akijifanya anatafuta maji.

Siku moja Erastus aliingia stoo na faili yake, akasimama mbele ya ubao.

"Muthoka, hili gunia la kilo tisini na tatu ni la nani? Naliona kila wiki."

Nikamwambia ni sampuli.

"Sampuli gani haiuziki?"

Viola alikuwa nyuma ya mlango akivaa gamboti. Nilisikia akijiziba mdomo. Hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akicheka mwezi huo.

Kisha ikaja mvua. Wanaokumbuka mwaka ule wanajua ni mvua gani. Ilianza mwezi wa kumi na haikujua kukata. Viazi vilifika vikiwa na tope, na nilikuwa navitandaza kwenye sakafu vikauke kabla ya kuvipima, kwa sababu ukivipima vikiwa vimelowa unanunua maji ya Kinangop kwa bei ya kiazi. Stoo yenyewe ilitoa jasho ukutani.

Mwisho wa mwezi wa kumi tulihesabu mali iliyo stoo. Nilipofika kwenye magunia ya chumvi nikaona jambo. Magunia yale huingia yakiwa na kilo hamsini kamili, yameshonwa mdomo na kampuni. Lile lililokuwa karibu na ukuta lilisoma hamsini na mbili. Nililishusha nikaangalia mshono. Ulikuwa ule ule, haujaguswa. Hakuna aliyeongeza chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa imekaa pale, imevuta maji kutoka sakafuni na hewani, ikayashika.

Nilisimama na lile gunia kwa muda. Halafu nikatazama pembe ya chini ya ubao. Nambari zilishuka kama ngazi tangu mwezi wa tatu, zikasimama. Na ziliposimama ndipo Viola alipokalishwa kwenye kiti cha muonjaji.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Sijui mwili unavyofanya kazi ndani. Lakini najua tofauti ya uzito wa kitu na uzito wa maji, hiyo ndiyo kazi yangu. Shida ilikuwa namna ya kumwambia. Ni vigumu kwangu kumwambia mwanamke hata kwamba koti lake limechafuka mgongoni. Wiki nzima nilipanga maneno nikayapangua. Jumamosi alipokuja nilikuwa nimeliweka lile gunia la chumvi juu ya mizani.

"Mama Khisa, hebu soma hapo."

Akasoma.

"Liliingia hamsini. Halijafunguliwa."

"Sasa hizo mbili zimetoka wapi?"

"Ni maji. Chumvi ikikaa huvuta maji." Nikatazama gamboti zangu. "Nawe ulianza kuonja chumvi tarehe mbili mwezi wa tisa."

Alilizunguka lile gunia akiangalia mshono.

"Muthoka, unanifananisha na gunia?"

Nilidhani ataondoka na hatarudi. Badala yake aliketi juu ya viazi, akavua gamboti, akateremsha soksi. Pale soksi iliposhika mguu palikuwa na mfereji, kama alama ya kamba kwenye gunia lililofungwa likiwa limejaa sana. Chini yake mguu ulikuwa umevimba, unang'aa.

Akaniambia kwamba imekuwa hivyo kwa wiki sita, na hajamwonyesha mtu, hata Barasa. Dada yake mkubwa alianza hivyo hivyo. Miguu ilivimba, wakasema ni uchovu, kumbe ni figo. Walimzika kabla ya mwaka kwisha. Viola alikuwa anavaa soksi nene ili asiione miguu yake mwenyewe. Alikuwa amejiambia kwamba akifika hospitali na kilo nyingi watamrudisha nyumbani tu, lakini wakiona miguu watamwambia lile jambo lingine, na hilo hakutaka kulisikia.

Mimi si mtu wa kushauri. Nilimwambia tu aende, na kwamba akiogopa amchukue Apiyo.

Walikwenda Jumatatu. Hawakwenda hospitali kuu bali kwa Sista Saida, nesi mwenye zahanati ndogo nyuma ya soko la Ruiru, mama mmoja wa Kiislamu aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa wao na ambaye hakuwa na haraka. Mambo ya huko nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Sista Saida alibonyeza mguu wa Viola kwa kidole gumba, akahesabu, akaondoa. Palibaki shimo. Alimpima presha, ikawa juu kidogo. Alichukua mkojo, akautia kikaratasi chake, akakaa akikitazama, akipima muda kwa saa yake. Apiyo anasema wakati huo Viola alimshika mkono hadi pete ikamwacha alama.

Kisha sista akasema mkojo ni safi. Figo zinazovuja huonyesha hapo, na zake hazionyeshi. Hata hivyo akamwandikia karatasi apeleke damu hospitali, ili wawe na hakika. Ndipo akamuuliza anakula nini. Viola akataja kabichi, akataja ugali alioacha, akataja chai.

"Na kazini?"

"Kazini sili."

"Hata kidogo?"

"Naonja tu, sista. Ile ni kazi."

Apiyo ndiye aliyeeleza kuhusu kidole, kila nusu saa, kuanzia asubuhi hadi jioni, na kuhusu unga wa mchuzi kwenye kabichi. Sista Saida akaweka kalamu chini.

"Mama Khisa, mwili haujui kama uko kazini. Wewe unakula chumvi ya watu kumi."

Akamweleza kwamba chumvi nyingi hivyo mwili hauwezi kuiacha peke yake. Huiwekea maji, na kiu humfanya mtu aongeze mengine, nayo hujificha miguuni, usoni, kila mahali. Mafuta yake huenda yalikuwa yanaendelea kupungua wiki zote zile, pole pole, lakini maji yalikuwa yanajaza nafasi yake, na mizani haijui kutenganisha. Akamwambia arudi kula ugali, kidogo, na maharagwe na sukuma wiki. Aache unga wa mchuzi, aache soseji na vyote vya pakiti, chumvi iwe kidogo sana. Na kidole kile akitoe mdomoni.

Majibu ya damu yalitoka Alhamisi. Figo zilikuwa nzima. Viola alisoma karatasi ile pale getini, mvua ikiinyeshea, akampa Apiyo, Apiyo akaniletea stoo nami niisome. Niliisoma mara mbili ingawa sikuelewa isipokuwa neno la mwisho lililosema ni kawaida.

Sasa palibaki Erastus. Viola akiacha kuonja, nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye trei, na trei zilikuwa zimekatazwa na daktari. Nilikumbuka jambo. Ujanani niliwahi kupakia magunia katika kiwanda cha chai upande wa Gatundu, na niliwaona wale wazee wanaoonja chai. Huvuta kijiko kimoja kwa kelele, wakakizungusha mdomoni, wakatema ndani ya debe. Hakuna aliyemeza. Nilimwambia Viola, naye akaenda kumwambia Erastus, akabeba kabisa na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia.

Erastus hakufurahi. Aliuliza wageni wakija kutembelea kiwanda wakamkuta muonjaji akitema bidhaa, yeye ataeleza nini.

"Utawaambia natema kitaalamu," Viola akajibu.

Erastus akampa siku mbili za kujaribu. Ulimi ulikuwa ule ule. Alitia unga ulimini, akangoja, akatema, akasukutua kwa maji, akasema chumvi imezidi kwa nusu kijiko, na ilikuwa imezidi. Erastus akaacha kuuliza habari za mkebe. Alichoanza kulalamikia ni choo, kwa sababu wiki hiyo Viola alikuwa anakwenda kila baada ya dakika chache, na mara mbili viungo vilimngoja.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo alipanda mizani akiwa amefumba macho. Nilisogeza jiwe. Nikalisogeza tena. Tisini na moja na nusu.

"Ngapi?"

Niliandika kwenye pembe ya ubao, nikamwachia afumbue mwenyewe. Aliitazama ile nambari, akatazama soksi zake, ambazo zilikuwa zimeteremka hadi vifundoni kwa sababu hazikuwa na cha kushika. Akaketi kwenye viazi akacheka kile kicheko chake cha getini hadi wapakuzi wakaja kuuliza kuna nini. Ilibidi niwaambie nimeteleza.

Wiki iliyofuata ilikuwa tisini na nusu. Iliyofuata, themanini na tisa. Zile kubwa za mwanzo zilikuwa maji, sista alimwonya asizitegemee, lakini alikuwa anatembea tena na anakula vizuri, na presha ilikuwa imerudi chini.

Hapo wasiwasi ukawa wangu. Mizani yangu ilikuwa ya magunia. Kwa viazi, nusu kilo huku au huku si kitu. Kwa Viola, kilo moja ilikuwa kusubiri mwaka ujao na lile tundu tumboni. Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda kwake, niliomba yale mawe ya kupimia yenye muhuri wa serikali kutoka ofisini, nikajaribu mizani kwa ishirini, kwa arobaini, kwa sitini, kwa themanini. Ilisema kweli kila mara. Hata hivyo, Ijumaa hiyo nilisoma magunia matatu vibaya, na dereva wa lori akaniuliza kama nina homa.

Saa nane hivi Apiyo alikuja akikimbia kutoka chumba cha kupaki. Viola alikuwa amepiga simu ofisini kutoka kibanda cha hospitali, na karani amepeleka ujumbe. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kiazi: gunia limepokelewa, themanini na nane na nusu.

Nilirudi ndani nikafuta pembe ile ya ubao kwa kitambaa. Kisha nikaona ni haraka mno, nikaandika nambari ya mwisho na kuiacha.

Alishonwa Jumatano. Jumapili mimi na Apiyo tulikwenda kumwona wodini, saa ya wageni. Barasa alikuwa kando ya kitanda, ameshika begi la nguo magotini kana kwamba mtu atalichukua. Viola alikuwa amelala chali, uso mwembamba, miguu nje ya blanketi, bila soksi. Aliniona nikiangalia kwingine.

"Tazama tu, Muthoka. Ndiyo ile uliyoiita gunia."

Barasa aliniinukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiseme kitu. Nilifurahi kwamba naye ni mtu wa namna hiyo.

Mhudumu akapita na toroli la chakula, akamwekea bakuli la supu ya viazi na karoti. Viola aliinuka kidogo, Apiyo akimshika bega. Alichukua kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni, akatazama dari kama anavyofanya kazini. Sote tulingoja. Apiyo akamtafutia bakuli la kutemea.

"Haina chumvi hata chembe," Viola akasema.

Akameza, akaendelea hadi bakuli likaisha.